Kibanda cha Papa

Ile treni niliinunua katika soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini kwetu, kwenye lundo la mitumba kutoka Ulaya: kichwa kimoja, mabehewa matatu, na reli za kutosha kuzunguka meza. Ni kitu cha kuchezea watoto, lakini nilimnunulia baba yangu. Tangu mama afariki alikuwa akikaa barazani kutwa nzima bila kusema neno, na mimi, ninayefanya kazi ya ukatibu kule Kasapa, pembeni mwa mji, nilikuwa na Jumamosi tu za kukaa naye.

Nikaamua kumjengea mfano mdogo wa kituo cha reli alichofanyia kazi, kituo kidogo cha porini ambako niliishi hadi nilipofika umri wa miaka saba. Picha hatukuwa nayo hata moja. Lakini Papa, ndivyo ninavyomwita baba, alikuwa na vipimo miguuni. Nikimwuliza depo, ghala la mizigo, lilikuwa na urefu gani, anafumba macho, midomo inahesabu, kisha anasema hatua kumi na nane, halafu sita tena za sehemu iliyoongezwa kwa ajili ya magunia ya mahindi. Kila mita nikaifanya sentimita moja na kitu.

Mbao nilipewa na seremala jirani, vipande anavyotupa. Nilivipasua kwa wembe kufuata nyuzi zake hadi vikawa vyembamba kama njiti za kiberiti, nikavitia katika chai nzito iliyolowekwa misumari yenye kutu, vikatoka na ile rangi ya kijivu ya mbao zilizonyeshewa miaka mingi. Papa alivishika, akavinusa. Alianza kuongea. Alinirekebishia mlango wa depo, akanifundisha ubao wa juu unavyolalia wa chini ili maji yasiingie.

Kitu kimoja tu alikikataa, kibanda alimokuwa akikaa kuvuta mitaimbo ya kubadilisha njia za treni.

"Ile kibanda uiache, mama," alisema. Ndivyo anavyoniita mimi binti yake, mama. "Jenga bingine."

Nilijua sababu. Mchana mmoja mabehewa yalikuwa yakirudishwa nyuma, Papa akavuta mtaimbo, akatoa bendera dirishani kuonyesha kwamba njia ni wazi. Rafiki yake, mfungaji wa mabehewa, alikuwa akivuka reli. Mabehewa yakamkata mguu chini ya goti. Mkaguzi alikuja na mchoro wa kituo, akaandika kwamba dirisha la kibanda lilikuwa linaona reli yote, kwa hiyo mwenye kibanda alipaswa kumwona mtu. Papa aliiamini ile karatasi. Aliomba kuhamishwa, hakurudi tena kule, na yule rafiki, ambaye siku hizi anatengeneza redio Kenya, hakuja kumsalimu hata siku ya msiba wa mama.

Kibanda nilikijenga kwa siri, na nilijisikia kama mwizi. Vipimo vyake alikuwa amevitaja mwenyewe bila kujua, akinieleza umbali wa vitu vingine. Kabla ya kugandisha ukuta wa nyuma, niliweka behewa pale ajali ilipotokea, nikashusha jicho hadi usawa wa dirisha.

Niliona mbao za depo tu. Zile hatua sita za mahindi zilikuwa zimeziba reli.

Nilipima tena mara tatu, nikiogopa kwamba mkono wangu ulitaka kumhurumia. Kisha nikamwuliza Papa, kama mtu anayeuliza mambo ya kawaida, ile sehemu iliongezwa lini. Akasema ilikuwa kama mwezi mmoja tu kabla ya ile ajali. Basi mchoro wa mkaguzi ulikuwa wa zamani.

Nilimwomba aangalie. Alikataa, akatoka, akarudi. Alipiga magoti taratibu, mkono mmoja kwenye meza, akaweka jicho nyuma ya kibanda. Alikaa hivyo hadi nikadhani amesinzia.

"Haikukuwa namna ya kumuona," alisema.

Alipoinuka aliomba shati lake la kanisani, akaniomba nimpeleke Kenya siku hiyohiyo.

Njiani niliogopa kuliko yeye. Je, yule mzee akitufukuza? Tulimkuta mbele ya nyumba yake, redio imefunguliwa mapajani. Papa alisimama. Alieleza kuhusu depo, hatua sita, mchoro, maneno yakikanyagana. Mwenzake alimsikiliza hadi mwisho, akaweka bisibisi chini.

"Mi mwenyewe nilipita nyuma ya depo," alisema. "Ungeniona namna gani? Myaka yote hii nilizania weye njo uko unanikasirikia, juu ya vile nilikuharibishia kazi."

Papa alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Walianza kuulizana habari za watu nisiowajua, nani amekufa, nani amerudi kwao Kasai. Nilienda kusimama karibu na muuza makala na magunia yake ya mkaa, nikageuza uso ukutani nikalia kidogo, machozi ya nafuu. Nilipofuta uso, mke wa mwenye nyumba alikuwa ameshaleta bukari, ugali wetu, na samaki, na Papa, ambaye nyumbani nilikuwa nambembeleza kumaliza sahani, alikuwa akinawa mikono na kuuliza kama kuna pilipili.