Tundu Lililozibwa na Mng'aro

Saa mbili asubuhi, mfinyanzi ameegemeza kiganja kwenye ukuta wa tanuri la matofali. Hapimi joto. Anasikiliza.

Ndani mna mitungi arobaini ya wifi yake, na katikati ya mitungi hiyo limesimama umbo la udongo la mfinyanzi mwenyewe, kimo cha mtoto wa miaka mitano. Halina kichwa wala mikono. Ni miviringo miwili mikubwa iliyopinda, mmoja mnene kuliko mwenzake, imeegemeana, na kati yake umebaki upenyo mwembamba wa kupitisha mwanga.

"Watu wanauliza ni nini," anasema mama huyu wa miaka hamsini na miwili, ambaye wenzake karakanani humwita Mama Maumbo. "Nawaambia, kaeni nalo kwanza. Hata mgeni humuulizi shida yake kabla hajaketi."

Kwa miaka ishirini alifinyanga vyungu. Miaka sita iliyopita akaanza maumbo, na hadi leo ameuza mawili tu. Hili limemchukua miezi mitatu, nalo ni la kwanza kukubaliwa kwenye ukumbi wa maonyesho.

Lakini asubuhi hii ana hofu. Umbo lenye uwazi ndani hutobolewa tundu dogo ili mvuke upate njia. Alilitoboa. Jana, kabla ya kulipanga tanurini, alilisugua tena kwa kijiwe laini cha kung'arishia, kwa kuupenda mng'aro wake. Leo, moto mdogo umeshawashwa, anaosha kijiwe ndipo anakumbuka: alikipitisha pale pale penye tundu. Udongo umeliziba.

Likipasuka, halitapasuka peke yake. Vipande vitaruka kama mawe, na kazi ya wifi ya mwezi mzima itageuka vigae.

"Nilitaka kunyamaza," anakiri. "Nikasema Mungu atanisitiri. Halafu nikaona haya. Nimwombe Mungu anisaidie kuficha?"

Saa tatu fundi wa tanuri anafika na kuni za moto mkubwa. Mama Maumbo anamzuia, anaeleza yote, macho chini.

Wifi yake, aliyesimama kando akisikiliza, anashika kiuno. "Dude halina mdomo, halina shingo, na hata pumzi umelinyima! Kaka yangu alioa balaa."

"Nisamehe, wifi."

"Nisamehe haitoi mtungi tanurini."

Fundi anachuchumaa mbele ya moto. "Punguzeni kelele. Hewa haivunji kitu. Kinachovunja ni maji yaliyobaki kwenye udongo, yakichemka kwa pupa. Tutakaa na moto mdogo hadi jioni, yatoke polepole."

"Na yasipotoka?" wifi anauliza.

"Tutasikia."

Wanakaa kwenye benchi. Kila ukuni unapolia, Mama Maumbo anashtuka. Ili asisikilize, anazungumza.

"Mume wangu alipopasuliwa hospitalini, mimi na wifi yangu huyu tulikaa nje ya mlango wa chumba cha upasuaji kwa saa saba. Tuliegemeana tu. Hicho ndicho nilichofinyanga."

Wifi anageuka taratibu. "Kumbe ule mnene ndio mimi?"

Wanacheka, kisha wanajizuia upesi, kama waliocheka msibani.

Saa tisa alasiri, kitu kinalia ndani: ta! Mara moja, kikavu.

Fundi anasogeza sikio, anatikisa kichwa. Huenda ni tofali. Huenda ni mtungi. Huenda ni umbo. Tanuri halifunguliwi likiwa na moto. Jibu litapatikana baada ya siku mbili, likishapoa.

Umbo likipona, litakwenda ukumbini. Lisipopona, Mama Maumbo ataanza lingine, na kwenye tundu lake atachomeka unyasi ambao hautatolewa na mkono wa mtu. Moto wenyewe utauunguza.

"Miezi mitatu nimeomba umbo langu lipone," anasema. "Sasa naomba, kama kuna kilichovunjika, kiwe changu."

Wifi hajayatoa macho kwenye tanuri. "Omba vyote vipone, wifi. Mungu si mchoyo."

Mama Maumbo anafumba macho, anaanza sala upya.