Honi ya Lori kwenye Pikipiki

Waendesha pikipiki wenzake walimwita Chiriku. Hawakumwita hivyo kwa umbo, maana alikuwa pande la mtu, bali kwa honi ya pikipiki yake, ambayo kila alipoibonyeza ilitoa kijisauti chembamba kama cha ndege aliyeamshwa kabla ya wakati. Pale kijiweni walimshauri aiache kabisa, awe anapiga mluzi, huenda watu wangemsikia. Chiriku alicheka nao, lakini moyoni hakucheka. Magari yalimbana ukingoni kana kwamba hayupo, na asubuhi moja basi dogo lilimsukuma mpaka akaegemea ukuta wa duka la saruji, huku abiria wake, mama mjamzito, akimng'ang'ania mabega na kusali kwa sauti.

Wiki hiyohiyo alikwenda kwa fundi umeme wa magari akataka honi ya lori. Fundi alimtazama, akaitazama na pikipiki, akamwuliza kama ana mpango wa kubeba mchanga. Hata hivyo kazi ni kazi. Alifunga honi mbili chini ya tangi, moja ya sauti nene na nyingine nyembamba kidogo, akavuta waya kutoka kwenye betri na kuupitisha kwenye rilei ili swichi isiungue, kisha akamwambia ajaribu. Kuku wa jirani waliruka uzio. Fundi mwenyewe, aliyejua kinachokuja, aliangusha bisibisi.

"Umepata sauti ya mtu mwingine, ndugu yangu," alisema akiiokota. "Itumie kwa adabu."

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Madereva walipisha haraka, wakatazama nyuma kutafuta lori, na kabla hawajaelewa Chiriku alikuwa ameshapita. Kijiweni wakasema chiriku ameota meno.

Sasa, mume wa dada yake alikuwa msukuma mkokoteni. Alipeleka vioo vya madirisha kutoka kwa mkata vioo hadi kwenye nyumba zinazojengwa. Vioo husimamishwa wima, vikafungwa kwa magunia, na anayevisukuma hawezi kugeuza shingo ovyo, kwa sababu akigeuka na mkokoteni hugeuka naye. Ndiyo maana watu wa kazi hiyo huitazama barabara kwa masikio. Wakisikia pikipiki nyuma yao huendelea na mwendo wao, kwani pikipiki haikosi pa kupenya. Wakisikia lori, huacha barabara yote.

Siku hiyo Chiriku alimbeba kijana aliyechelewa usaili wa kazi. Kwenye mteremko wa shule aliona mkokoteni mbele yake, akabonyeza honi, akaishikilia. Mkokoteni ulitoka barabarani papo hapo kama uliovutwa na kamba. Alipita, na nyuma yake akasikia vioo vikimwagika. Aligeuka. Mtu alikuwa amekaa mtaroni ameshika mguu, na Chiriku alilijua shati alilovaa, kwa kuwa alimnunulia yeye mwenyewe. Abiria akamsihi asisimame, wenzake wa usaili walikuwa wameshaanza kuitwa. Chiriku akajiambia atamshusha kijana kisha arudi. Alirudi kweli, tena mbio, lakini alikuta wanafunzi wakifagia vigae, na shemeji yake ameshachukuliwa na wasamaria wema.

Mshipa wa kisigino ulikuwa umekatika. Shemeji alieleza kwamba lori lilimjia nyuma kabisa, likamnyima hata nafasi ya kuvuta pumzi, na hakuna aliyemtilia shaka. Barabara ile ilikuwa ikipitwa na lori moja tu, la mchanga. Dereva wake aliapa kwamba saa ile alikuwa akibadilisha gurudumu upande wa pili wa mji, lakini mwenye lori alimnyang'anya funguo, akatangaza kuwa Jumatatu angempa mtu mwingine.

Chiriku aliijua kweli peke yake, nayo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliichomoa waya honi ile. Alimpeleka shemeji zahanati kubadilishiwa bendeji, akamshusha kama yai, akachota maji, akapasua kuni. Dada yake alimwombea heri kila alipoingia, akasema laiti angejaliwa wadogo wawili wa namna hii. Chiriku aliinamisha uso na kuendelea kupasua kuni ambazo tayari zilitosha.

Jumapili, Chiriku akipasua kuni nje ya mlango, yule dereva alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akakataa kiti. Alisema hakuja kugombana. Ana watoto, na kesho hana kazi, basi anaomba tu aambiwe lori lile lilikuwa la rangi gani, naye atalitafuta.

Shemeji alikiri kwamba hakuliona. "Lakini miaka yote hii naishi kwa masikio yangu," alisema, na sauti ikamlegea. "Au yameanza kunidanganya? Kama yamekufa, basi hata mguu ukipona sina kazi."

Chiriku aliweka shoka chini.

"Masikio yako mazima, shemeji. Nimeyadanganya mimi. Nilifunga honi ya lori."

Dada yake, aliyekuwa akikamua kitambaa, aliacha maji yatiririke kwenye miguu yake.

"Ulijua ni mimi?" shemeji aliuliza.

"Baada ya kupita. Niligeuka, nikaliona shati."

"Ukaenda."

"Nikaenda."

Shemeji aligeukia ukutani. Dada hakupiga kelele. Alisema tu kwamba aliyoyasema pale akayaseme na kwa mwenye lori, na mgonjwa asimguse tena. Dereva alikataa kupanda pikipiki, kwa hiyo walikwenda kwa miguu. Mwenye lori alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na funguo na kumkabidhi dereva, bila hata kumtazama Chiriku.

Kesho yake, saa ya bendeji, Chiriku alikwenda hivyohivyo. Mlango ulikuwa umefungwa. Alitazama barabara, akaona msukuma mkokoteni mwenzake shemeji akimpeleka mgonjwa, amemkalisha juu ya magunia, mgongo ukielekea mbele na uso ukitazama nyuma walikotoka. Chiriku alizima injini akawafuata akiikokota pikipiki. Wakawa wanatazamana, yeye na shemeji yake, hatua kwa hatua, kuteremka mteremko wa shule na kupita kando ya mtaro ambamo vipande vidogo vya kioo bado viling'aa. Aliona haya kutazama pembeni.

Karibu na zahanati shemeji aliinua mkono.

"Sogea," alisema. "Kuna gari nyuma yako."