Pale Maandishi ya Baba Yalipokatikia

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kutibu hifadhidata za watu. Kampuni inapiga simu: majina ya wateja yameharibika, é imegeuka Ã©, wanadhani ni virusi. Si virusi. Kompyuta huhifadhi herufi kama namba, na seva inayotunza data ikizisoma namba hizo kwa orodha moja ya herufi huku programu ya kuzionyesha ikizisoma kwa orodha nyingine, hayo ndiyo yanayotokea. Wanaoanza kazi huwa nawaambia jambo moja mpaka wananichoka: usiguse data kabla ya kuuliza kila upande unatumia orodha gani. Mimi mwenyewe, kwa maandishi ya baba yangu, sikuuliza.

Baba alikuwa mtu wa reli. Alipostaafu nilimtengenezea programu ndogo kwenye laptopu, na kila alasiri, nyumbani kwetu Bel-Air, aliketi kuandika maisha yake, Kiswahili na Kifaransa ndani ya sentensi moja, kama tunavyozungumza sote. Hakuruhusu mtu asome. Mama, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi, alimwuliza jambo moja tu: kama ataandika juu ya mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Baba hakuwahi kumtaja mtoto huyo kwa mdomo. Siku hiyo alijibu bila kuinua kichwa, "Nitaandika. Batakusomea siku miye sitakuwa tena."

Akafariki. Baada ya matanga ukoo uligawana vitu vyake, kama desturi yetu inavyotaka, na laptopu ikamwangukia baba mdogo wa Kilwa, Kilwa yetu ya huku, si ile ya pwani. Lori lake lilikuwa linaondoka asubuhi ile ile. Kumwambia mkubwa asubiri kitu alichokwisha kupewa ni kumvunjia heshima mbele ya watu, nami sina ujasiri huo. Nilinakili maandishi haraka kwenye seva yangu, kisha nikafuta diski kwa namna yetu ya kazini, ile isiyobakiza kitu cha kurudisha. Hata nilijisifu kwamba siri za marehemu hazitasafiri.

Wiki chache baadaye mama aliniambia yuko tayari kusikia. Nilifungua maandishi kwa programu yangu ya kazini ili niyaandae. Kila mahali Ã©, Ã´, Ã¨. Nilipandwa na hasira, kama mtu aliyekuta takataka zimemwagwa juu ya kaburi, nikataka kuziondoa upesi. Niliyapitishia macho tu, sikusoma hata ukurasa mmoja. Nilisema nitasoma yakiwa safi. Nikayageuza yote kwenda orodha ya zamani, ile iliyotumiwa na programu yangu, nikayarudisha kwenye seva, nikafuta nakala niliyoiona mbovu. Seva ilitoa maonyo mengi. Nikayafunga bila kuyasoma, mimi ambaye kazi yangu ni kusoma maonyo.

Maandishi hayakuwa mabovu hata kidogo. Seva ilikuwa sahihi. Ni programu yangu iliyokuwa ikiyasoma kwa orodha isiyo yake, na amri moja fupi kwa programu hiyo ingetosha. Badala yake niliipelekea seva herufi isizozitambua. Kila ilipokutana na ya kwanza, é au ô, ilikata hapo hapo na kutupa kilichofuata. Ilifanya hivyo kwa kila kisa cha baba.

Nilikaa na jambo hilo moyoni siku tatu. Siku ya nne nilikwenda Bel-Air mchana, nikamkuta mama uani akichambua sombe, majani ya muhogo, nikamwambia nimeharibu. Mikono yake iliendelea na majani.

"Yenye ilibakia, soma," akasema.

Nikasoma. Visa vingine vilikuwa na maneno manne, vingine mistari miwili. Aliniacha niendelee mpaka nikafika hapa: "Mutoto yetu ya kwanza alizaliwa ku h"

"Ku h?"

"Ku hôpital, mama. Inakatikia pale."

"Na kisha alisema nini?"

"Haiko tena, mama."

Akaweka sombe chini. "Rudilia."

Nikarudia mpaka kwenye h. Aliniomba mara ya tatu, na safari hii midomo yake iliyatamka maneno pamoja nami, ikasimama niliposimama. Nilitamani anitukane. Badala yake aliuliza, "Ilikuwa murefu?"

Nilikumbuka. Siku ile ya hasira, kisa kilichoanza na maneno hayo kilijaza skrini nzima na kuendelea chini. Nilikipita kwa kidole. Kingesomeka. Mtu yeyote mwenye Kifaransa cha shule angekisoma pamoja na Ã´ zake zote, neno kwa neno.

"Ilikuwa murefu sana, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akafuta mikono kwenye kitenge. "Basi hakumusahau," akasema.

Sikumwambia kwamba nilikuwa nacho chote mbele ya macho yangu, na sikukisoma.