Chai ya Moshi Aliyoimwaga Mama Majani

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mama Majani ameshafuta kaunta mara tatu, sasa anaifuta ya nne. Duka bado halijafunguliwa. Kitambaa anakinusa, anakitundika, anakichukua tena. Anafungua kopo namba kumi na saba, anachungulia, anafunika upesi kama mtu aliyemfumania mwenzake bafuni.

"Humo ndimo lilimo balaa langu," anasema.

Duka hili linauza chai tu. Ukutani yamepangwa makopo arobaini na mawili, majani ya nchi mbalimbali. Mteja anaketi, anaonjeshwa kwa kikombe kidogo kama cha kuchezea watoto, anaelezwa ladha, ndipo anunue. Kuonjesha na kueleza ndiyo kazi ya Mama Majani. Yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu, nayo yanaisha Jumamosi hii.

Kabla ya hapo alikuwa na kibanda. Miaka kumi na minane alipika chai ya maziwa kwa kuni, vikombe mia mbili kwa siku, wateja wengi wakiwa mafundi wa ujenzi. Barabara ilipopanuliwa, kibanda kikavunjwa. Hana pa kurudi. Ndiyo maana hatulii.

Kwa mpishi wa kuni, adui ni moshi. Siku moja tu alisahau kufunika sufuria, moshi ukaingia, mafundi wakarudisha vikombe. Mwaka mzima wakamwita Mama Moshi. Kuna mmoja hakupita kibandani bila kujikoholesha.

"Tangu hapo, nikisikia moshi kwenye chai, mkono unamwaga wenyewe," anasema.

Wiki ya tatu ya kazi mpya, mkono ukamwaga. Mwenye duka, dada ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, alikuwa ameandaa birika kwa ajili ya wageni wanne walioagiza chai ya kopo namba kumi na saba mwezi mzima kabla. Akatoka kuwapokea. Mama Majani akainua mfuniko. Moshi mtupu. Akajua bosi kaharibu, na yeye ndiye wa kumsitiri. Akamwaga yote, akasugua birika kwa sabuni, akapika ya maziwa na tangawizi, akaipeleka mezani kwa tabasamu.

Hakuuliza. Hapo akina mama wenzangu tusome polepole, hasa tunaoanza kazi ngeni ukubwani. Aliona haya kumuuliza mtu mdogo kwake. Angeuliza "Hii ni nini?" tu, hayo yasingetokea.

Kumbe chai ile ndivyo ilivyo. Majani yake hukaushwa makusudi juu ya moshi wa misonobari, na konzi ile ilikuwa ya mwisho koponi. Wageni walikunywa ile ya maziwa, hadi mmoja alipouliza ile ya moshi iko wapi. Mama Majani akawaeleza, tena kwa fahari, kwamba amewaokoa.

Bosi hakufoka. Afadhali angefoka. Kopo lilipojazwa tena, wiki ya sita, alimketisha Mama Majani kwenye kiti cha wateja, akammiminia.

"Onja, mama. Usiniambie nzuri au mbaya. Niambie ladha."

Alionja amekunja uso. Akameza, akaonja tena.

"Hii ni nguo ya mtu aliyeshinda jikoni," akasema, "ukimkumbatia jioni."

Bosi aliyaandika maneno hayo kwenye kikaratasi, akayabandika chini ya kopo namba kumi na saba. Hakusema kama kazi ameipata au la. Mpaka leo hajasema.

Nyumbani nako hakuna wa kumtuliza. Binti yake mkubwa humtania kwamba moshi umeshamwaibisha mara moja, kibandani, na dukani umeshamfukuza nusu. Mama Majani hucheka naye, kisha huinuka kwenda kukagua mfuniko wa sufuria ambayo haiko hata motoni. Akipita majaribio Jumamosi, ana ombi: bosi amwachie meza moja ya dirishani, apike chai ya maziwa kila asubuhi kwa wale mafundi wake, ambao sasa wanajenga mtaa wa pili. Ombi hilo ameshalirudia mbele ya kioo mpaka binti analijua kwa moyo.

Saa mbili kamili mlango unafunguliwa. Mteja wa kwanza, mzee mwenye gazeti kwapani, anakisoma kile kikaratasi, anataka hiyo hiyo. Mama Majani anamgeukia bosi, anauliza maji yawe moto kiasi gani, ingawa anajua. Anajibiwa. Anamimina.

Mzee anakunywa taratibu, kisha anamuuliza kama yeye mwenyewe anaipenda.

"Bado, baba," anajibu, birika amelikamata kwa mikono miwili. "Ila siimwagi tena."