Chupa Nyeusi Kando ya Majani Chai

Dada yangu mkubwa ana shamba dogo la chai nje kidogo ya Kapkatet. Yeye na majirani zake huchuma kwa zamu: leo shamba hili, kesho lile, na katikati ya asubuhi mwenye shamba hutoa birika. Chai ya huko ni maziwa mengi na sukari nyingi. Ukimpa mtu chai isiyo na sukari, anaelewa kwamba umemkasirikia au nyumba imeishiwa, na yote mawili ni aibu.

Walipompima hospitali na kumwambia sukari yake imepanda, aliona haya kuisema. Akaanza kununua soda ya daiti, ile isiyo na sukari, kwa kuwa soda kwetu ni kinywaji cha mgeni na hakuna anayemuuliza mtu anayekunywa soda. Wenzake walipoketi na vikombe, yeye alienda na chupa yake hadi upande wa pili wa shamba. Kuketi na watu huku umekataa chai yao ni tusi.

Mimi naishi Sotik. Habari hizi nilizipata kwa bintiye, aliyefika kwangu akiwa na begi la nguo.

"Mama mdogo, nimekuja kukaa."

"Siku ngapi?"

"Mpaka apoe. Nikiweka kikombe vibaya, ni vita. Halafu anaingia chumbani analia. Jana amegombana na kuku."

"Na kuku walimjibu?"

Alicheka kidogo, lakini begi hakulifungua. Alisema akirudi na kumkuta mama yake bado vile, atatafuta kazi mbali na hatarudi tena. Niliona hatanii.

Jumamosi nilienda Kapkatet. Huwa napenda kutazama kabla ya kuuliza, basi nilikaa tu jikoni. Dada alifungua chupa ya kwanza kabla ya kula chochote. Alikuwa mchangamfu, akanipa habari za kijiji kizima. Baadaye nikahamisha kigoda chake, kigoda tu, na uso wake ukabadilika kama mlima unavyofunikwa na mvua. Alinifokea. Kisha akajiangalia mikono.

"Unaona?" alisema polepole. "Hasira inafika kabla ya neno. Mimi mwenyewe nashangaa imetoka wapi."

Maneno hayo yalinitisha, na yalinivutia pia. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni utotoni, na sasa alisimama kando ya moyo wake akiutazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani ameingia shambani.

Nilimsindikiza kliniki. Muuguzi alimuuliza anakunywa nini, mara ngapi, na usingizi ukoje. Kisha akasema wazi kwamba hana hakika. Kuna wataalamu wanaohisi soda za aina hiyo huweza kuvuruga hisia za baadhi ya watu, na wengine hawaoni hivyo. Tena zile nyeusi zina kafeini, na ugonjwa wenyewe huchosha roho. "Jaribu kuiacha, mama. Dawa usiache. Chai kunywa, bila sukari."

"Nitawaambia nini wale?"

"Waambie unaumwa."

Hilo lilimwia gumu kuliko dawa. Lakini zamu ilipofika shambani kwake, nami nikiwepo, alitoa birika mbili na kusema moja haina sukari, ni yake, daktari amekataa. Halafu jirani mmoja mnene, mwenye sauti ya kanisani, akasukuma kikombe chake mbele.

"Nipe hiyo. Mimi nimeambiwa tangu mwaka jana, na nimekuwa nikiwadanganya nyote."

Mwingine akasema hata mumewe ana sukari. Walicheka hadi majani yakasahauliwa kidogo kwenye makapu, na dada yangu alicheka katikati yao. Nilitazama mabega yake yakishuka. Sikuwahi kuona mabega ya mtu yakishuka vile, polepole, kama kitu kinachowekwa chini.

Siku za kwanza bila soda alilalamika kichwa. Kisha akaanza kulala. Ni soda iliyomwacha, au ni watu waliomrudia? Nimeuliza pande zote na sijui. Nabaki nikistaajabu kwamba mwanadamu mzima, na hasira zake na machozi yake, anaweza kusogezwa na kitu kidogo hivyo kinachopita kooni, au na nafasi moja kati ya wenzake.

Aliponipigia simu, nami nikiwa tena Sotik, aliomba kuongea na bintiye, si nami. Nilimpa msichana simu nikatoka nje, ila dirisha lilikuwa wazi.

"Umekunywa nini leo?" msichana aliuliza.

Jibu la mama yake halikunifikia. Kisha: "Hapana, mama, sijakasirika. Nauliza tu." Akasikiliza tena. "Kesho basi. Nikimaliza kuosha vyombo vya mama mdogo."

Nilisikia zipu ya begi ikifungwa.