Kura kwenye Kadi ya Ojuok

Mke wangu Bernadeta aliandika kadi katika kiwanda cha samaki Igogo kwa miaka kumi na moja. Kila mtumbwi ulioleta sangara ulikuwa na kadi yake. Kila mfanyakazi naye hivyo hivyo. Mimi nilibeba barafu hapo hapo. Shule sikuiona. Kusoma alinifundisha yeye, kwa kadi hizo hizo, maana kitabu hatukuwa nacho.

Bernadeta alikuwa na ulimi, na kalamu yake ilikuwa na ulimi pia. Chini ya jina na namba aliongeza neno lake. "Okech, mtumbwi namba 14. Samaki wake wa leo walivuliwa juzi." "Kashindye, mkata minofu. Kisu kikali, mdomo zaidi." Halafu alikuwa Msukuma wa Usagara kama mimi. Herufi ya r na ya l kwake zilikuwa mtu na pacha wake. Aliandika kama alivyosema.

Mwaka tisini na tatu ikaja kompyuta. Meneja Ojuok akamwambia, "Mama, asante kwa kazi. Sasa hizo kadi zichome."

Bernadeta akaitikia vizuri, akazitia kwenye kapu, akazileta nyumbani na kulisukuma uvunguni. "Mashine haina uvungu," akaniambia. "Ikisahau, itatafuta wapi?"

Masika ya tisini na tano alifariki. Kapu likabaki. Kila asubuhi nilisoma kadi moja, kisha nikalala tena, na kazini nikafika nimechelewa.

Mwezi wa nane umeme ulikatika kiwandani, mashine ikiwa katikati ya kuandika. Uliporudi, mashine iliwaka, taa zikacheza, ikaanza kupitia kumbukumbu zake. Ikafika mahali, ikazimika. Wakaiwasha tena. Ikafika pale pale, ikazimika. Mara tisa. Akaitwa fundi Jonathan kutoka Nyakato.

"Data zimeharibika," Jonathan akasema. "Kila ikiamka inasoma kwanza ilichotunza. Ikikuta pameoza, inajizima."

"Naielewa," nikasema.

"Unaelewa kompyuta, mzee?"

"Naelewa kuamka."

Ojuok akaulizia nakala ya akiba. Nakala nayo ilikuwa na uozo ule ule. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu, na bila orodha ya mitumbwi lango lingefungwa, watu mia mbili nje. Hapo Kashindye akapaza sauti kutoka kwenye meza za minofu, "Bernadeta hakuchoma kitu! Mwulizeni mume wake!"

"Shikamoo, mzee Masalu," Ojuok akasema. Miaka yote ile hakuwahi kuniamkia.

"Marahaba."

"Nasikia kuna kapu."

"Lipo."

"Lete. Mitumbwi ni ile ile, Jonathan ataingiza upya. Zikishaingia, safari hii zitachomwa nikiona kwa macho yangu."

Nililileta. Ningefanyaje, na wale mia mbili? Lakini nilikaa karibu nalo kama mtu anayekaa na mgonjwa. Mwandiko wa Bernadeta haukuwapo mahali pengine popote.

Ofisini Ojuok alisoma, Jonathan akabonyeza. Kwa Okech walicheka. Kwa Kashindye walicheka hadi Ojuok akafuta macho. Akatoa kadi nyingine, akaisogeza karibu na macho.

"Soma, bosi," Jonathan akasema.

"Ni yangu. Ya zamani." Akasoma polepole: "Ojuok, mpima samaki. Anapenda kura kuliko kazi."

Akainuka, akafunga mlango.

"Nani alimwambia?" akanong'ona. "Alijuaje kama nautaka udiwani? Hata Anyango, mke wangu, sijamwambia!"

Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa karibu, na nyuma ya mlango ule ule mwenye kiwanda alikuwa amebandika tangazo: anayetaka siasa aache kazi.

Niliitazama kadi. Bernadeta hakujua udiwani wowote. Alichojua ni kwamba kila saa nne Ojuok alimaliza vitumbua vyake, akaanza vya wenzake.

"Marehemu alikuwa anaona mbali," nikasema.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi tu. Huwa nasoma moja kila asubuhi."

"Mzee wangu, tuelewane."

"Kadi zirudi nyumbani. Zote."

"Hata hii?"

"Hii hasa."

Akatazama tangazo, akanitazama. "Chukua. Ila mdomo, mzee."

"Mdomo ni wa Kashindye."

Jonathan alikuwa amegeukia dirishani. Mabega yalimtikisika.

Jumatatu asubuhi mashine iliwashwa, ikapitia kumbukumbu zake, ikapita pale pale ilipokuwa inafia. Wakaguzi wakapata orodha yao. Jonathan akanibebea kapu hadi langoni.

"Mzee, ile ni kura au kula?"

"Wewe umeingiza nini?"

"Kama alivyoandika mama."

"Basi ndivyo ilivyo."

Nyumbani nilicheka peke yangu, mara ya kwanza tangu masika. Nikageukia upande wake nimsimulie. Kisha nikalisukuma kapu uvunguni.

Asubuhi nikaamka, nikasoma kadi ya Ojuok, nikainuka.