Shati la Buluu la Ibume

Kampuni ya mafuta ilipotangaza kwamba kila nyumba itabakiwa na mfanyakazi mmoja tu, Ibume hakushtuka. Nyumbani kwao mfanyakazi alikuwa yeye. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akifua ovaroli za wachimba mafuta kambini, mlimani juu ya Ziwa Kutubu. Mumewe, Tirifa, hakuwa na kazi tangu bomba la mafuta lilipofukiwa. Siku za kuchimba mtaro kila mwanaume alitafutwa kwa helikopta. Mtaro ulipofunikwa, walifunikwa nao.

Majina ya watakaobaki yalipangwa na wazee wa ukoo ndani ya nyumba ndefu ya wanaume, wasikokanyaga wanawake. Tirifa alitoka humo akaja kusimama mlangoni pa kibanda cha Ibume, miguu nje, kichwa ndani.

"Jina limeshakwenda," akasema.

"Uliandika langu?"

"La Sera."

Sera ndiye mke mdogo, msichana wa Mendi, mwaka wake wa pili pale kijijini. Ibume aliweka chini kuni alizoshika.

"Sera? Huyo hajafua hata kitambaa chake cha kichwa!"

"Atafunzwa. Amesoma. Wewe umechoka, mke wangu. Rudi kinamasini kwenye miti yako ya misago, upumzike."

"Kutwanga msago ndiyo kupumzika? Shika wewe basi kinyundo, nikuone unavyopumzika."

Tirifa akacheka, akaenda zake. Alijua alikomshika.

Maana misago haikuwapo. Mwanamke wa Kutubu hula kwa mti huo: mumewe akiuangusha, yeye huuchana kiini, hukitwanga, hukikamua kwa maji mpaka unga utuame. Lakini mti huo hukomaa kwa miaka kumi na mitano, na anayeangusha mmoja hupanda chipukizi palepale, asile leo akamsahau mtu wa kesho. Mwaka wa bomba, mchele na samaki wa kopo viliingia kijijini kama mafuriko. Ibume alianza kupokea mshahara. Alimtuma Tirifa aiangushe miti yake yote kwa karamu za watu wa mtaro, wala hakupanda hata chipukizi moja. Mama mkwe wake alimwonya. "Mama," alimjibu, "nani atakula tope wakati mchele upo?" Wanawake wote walicheka siku ile, na yeye alicheka kuwazidi. Sasa kinamasi chake kilikuwa majani na vyura.

Asubuhi alikwenda ofisini kambini, amevaa shati lake la kazi, la buluu, lenye jina lake kifuani kwa uzi mweupe. Kusoma hakujua, ila jina lile alilijua kwa umbo, kama mtu anavyomjua nguruwe wake.

Karani, kijana wa Goroka, alipitisha kidole kwenye karatasi.

"Mama, hapa kuna Sera."

"Mashine zile umewahi kumwona mwingine akiziwasha?"

"Kazi yako ni nzuri, hakuna asiyejua. Lakini majina yanaletwa na wazee wenu. Kampuni haiingilii mambo ya mtu na mkewe."

"Mlipoingia kwenye ardhi yetu mlimwuliza nani?"

"Waliulizwa wazee, mama. Siyo mimi niliyeuliza, lakini ndivyo ilivyo."

Kisha, kwa aibu, akaomba shati. Ni mali ya Kampuni. Ibume alilivulia chooni, akarudi nyumbani na fulana iliyotoboka kwapani.

Alifikiria kuvuka ziwa kwenda kwa kaka yake. Lakini mara ya mwisho alipokimbilia huko, Tirifa alipoleta mke mdogo, kaka yake hakumfungulia hata mlango wa uzio. "Nguruwe zao za mahari tulikula zamani, dada. Nitawatapika? Rudi kwa mumeo." Kuangusha msago wa mtu mwingine asingeweza, shoka ni la mwanaume, na mwanaume wake ni yuleyule.

Siku ya tatu, jua likielekea kuchwa, Sera alikuja mbio kutoka kambini, amevaa shati la buluu. Jina la Ibume lilikuwa kifuani pake. Mkononi alikuwa na ovaroli yenye doa jeusi la mafuta, pana kama sufuria.

"Dada, nisaidie! Madoa hayatoki. Msimamizi amesema kesho nikirudisha hivi, niende nikalime."

Ibume alimtazama. Neno moja tu lilitosha: amwambie atie maji kwanza. Mafuta yakilowa maji hayatoki tena mpaka kiama. Kesho Sera angefukuzwa na shati lingevuliwa.

Lakini nafasi ya nyumba isingerudi kwake; ingekwenda kwa jirani. Kwenye kikapu cha Ibume mlikuwa na viazi vitatu, basi. Tangu juzi alikuwa anakula wali wa Sera.

Aliichukua ovaroli, akaligusa doa kwa kidole.

"Usitie maji," akasema. "Paka sabuni ya vyombo pakiwa pakavu. Sugua mpaka mkono ukuume. Ndipo maji ya moto."

"Ee dada, Mungu akubariki! Usiku nakuletea wali na samaki wa kopo."

"Lete," akasema Ibume. "Na kola hiyo usiivute hivyo. Itachanika."